Pampu Niliyoiandika ya Kilimo

Mama yule alitoka Kishapu, akanikuta ofisini kwangu Kahama, ambako kazi yangu ni kuwatolea watu mizigo forodhani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Kisha akanieleza, kwa Kiswahili chenye Kisukuma kingi, kwamba mwanawe alikuwa mchimbaji upande wa Geita. Maji yaliingia kwenye duara, shimo refu la dhahabu. Wenzake wakatoka, yeye akabaki chini. Waokoaji walijaribu siku kadhaa, pampu zao zikashindwa kina kile, wakaondoka. Mama aliuza ng'ombe, akamwomba mwenye duka mmoja wa mjini amwagizie pampu kubwa kutoka China. Sasa ilikuwa imefika bandari kavu ya Isaka.

"Nataka nimtoe, nimzike nyumbani," alisema. "Hilo tu."

Kwenye tamko la forodha unaeleza mzigo ni wa kazi gani. Pampu ya umwagiliaji ilikuwa na msamaha wa ushuru, ya machimbo haikuwa nao. Nilimwonea huruma, nami njia niliijua. Nikaandika: kilimo. Sikumuuliza.

Ofisa aliyekagua mzigo alikuwa mtu mpole. Alilizunguka sanduku, akasoma kibati cha mashine, akaniita pembeni.

"Hii ni ya kuvuta tope," akasema. "Shamba gani linamwagiliwa tope?"

Ningeandika ukweli, pampu ingetoka wiki ileile, na ushuru mama angeumudu, maana alikuwa amebakiza ng'ombe kwa ajili hiyo. Sasa lilikuwa tamko la uongo. Mzigo ukazuiwa. Ikawa barua ya maelezo, tamko jipya, faini niliyoilipa mwenyewe, na kusubiri sahihi. Kila asubuhi mama alipiga simu kuuliza. Nilimjibu kwamba taratibu za serikali ni ndefu, naye akanishukuru.

Wiki ya tatu mvua zikaanza. Nilikuwa kwenye foleni pale Isaka niliposikia zinapiga mabati, nikatoka nje kutazama mawingu upande wa Geita.

Pampu iliachiwa siku nne baadaye. Nililifuata lori hadi machimboni. Ilivuta maji vizuri kutwa nzima, na yalipopungua tukaona kuta za duara zimeporomoka na kulifukia shimo. Msimamizi wa duara alisema hakuna mtu atakayeshuka tena. Wiki iliyopita, alisema, kuta zilikuwa bado zimesimama.

Mama hakulia. Alifunga udongo wa pale kwenye kitenge, tukaenda nao Kishapu, ukazikwa. Msibani alinivuta mbele nikae na ndugu, akawaambia kwamba huyu ndiye aliyemhangaikia mwanangu. Wakanipa mkono, mmoja mmoja.

Kijana yule sikuwahi kumwona. Lakini pampu ikiwashwa popote nilipo, hata ya kisima cha jirani, nageuka kama mtu aliyeitwa.

Mwaka jana nilikwenda Kishapu kumweleza mama ukweli. Nilimkuta anapalilia pamba. Alifurahi, akaulizia wanangu, akanipa jembe. Nikapalilia mistari miwili, na kila nilipofika mwisho wa mstari nilijiambia, sasa. Jua lilipokuwa kali alinipa maziwa ya mgando. Nikanywa, nikamuaga.