Matokeo ya Namba Sabini na Mbili

Nilisimama na soda mkononi, sijaifungua. Tulikuwa tumeitwa kwenye ukumbi wa jamii hapa Voi tusomewe walichopata watafiti waliotupima sukari tukiwa waja wazito. Ukutani waliangaza orodha. Majina hayakuwepo, ni namba tu. Mstari wa nne: sabini na mbili, sukari iko juu.

Sabini na mbili ni mimi. Kadi yao yenye namba hiyo bado ninayo.

Mtoto wangu wa miezi minane alikuwa amepakatwa na jirani yangu, anamvuta ushungi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulining'inia kama kawaida yake.

"Daktari, hii mliijua lini?"

"Maswali ni mwisho, mama."

"Nimeuliza mliijua lini."

Mtafiti akapekua karatasi zake. Akasema damu zote zilisomwa wiki ile ile zilipotolewa. Wakati huo nilikuwa nimebakisha miezi mitatu kujifungua. Niliiweka soda chini. Niliyoyasema baada ya hapo siyakumbuki kwa mpangilio, ila jirani anadai nilisikika mpaka steji ya matatu.

Siku ya kupimwa tulikwenda kliniki bila kula tangu jana yake. Walitutoa damu, wakatupa glukosi tunywe, wakatutoa tena baada ya saa moja, na tena baada ya saa ya pili. Jirani yangu, ambaye naye alikuwa na mimba, aliimaliza chupa yake akakunja uso.

"Wallahi, miaka yote ninayofuturu sijaonja kitu kitamu hivi."

Mwingine akamuuliza karani wa watafiti, "Na hii damu mnaipeleka soko gani?"

"Hatuuzi, mama. Tunaandika tu."

Tulicheka. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Niliisoma yote kwa sababu nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na kazi nyingine ya kufanya kwa saa mbili. Ukurasa wa tatu ulisema mshiriki ataambiwa matokeo yake. Nikatia sahihi.

Kliniki yetu kila kitu hukaa kwenye kitabu cha mama na mtoto. Uzito, presha, sindano, vyote humo. Sista wetu ana msemo wake: kisichoandikwa kitabuni hakikufanyika. Lakini watafiti hawakugusa vitabu vyetu. Waliandika kwenye fomu zao, kwa namba, na orodha ya kuonyesha namba ni ya nani ilifungiwa kabatini, ufunguo ukawa na mtu mmoja. Sista aliyenipima presha kila mwezi, chumba cha pili kutoka kwao, hakujua lolote. Mimi nilingoja kuitwa. Sikuitwa, nikajiambia niko salama, maana hospitali haikosi kukuita ukiwa na shida. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Niliendelea na chai yangu ya vijiko vitatu, na ndizi mbivu ambazo mama alinitumia kutoka kijijini kwetu Wusi.

Siku ya uchungu mkunga alifungua kitabu.

"Hukupimwa sukari?"

"Nilipimwa na watafiti."

"Wakasemaje?"

"Hawakusema kitu."

"Basi hakuna neno."

Kichwa kilitoka, bega likakwama. Wakavuta. Mizani ilionyesha kilo tano kasoro kidogo, na wodi nzima ikaja kutazama. "Huyu mtafutie yunifomu," mmoja akasema, "kesho aanze nasari." Mama mkwe alimpiga picha akazituma kwa ukoo wote. Siku ya tatu, nikimwogesha, niliona mkono wa kushoto haujikunji. Nikaambiwa neva za bega zilivutika. Tangu hapo ni mazoezi kila wiki.

Pale ukumbini, mtafiti alinifuata nje.

"Dada, tulikuwa tunalinda siri yako."

"Siri yangu mnanificha mimi?"

Akasema nina haki ya kulalamika, anwani ya kamati ya maadili iko kwenye fomu. Nilijua. Iko ukurasa wa mwisho.

Niliandika kwa mkono, nakala mbili, nikazipeleka mwenyewe. Karani wa kamati alinishauri niweke namba ya utafiti tu. Nikakataa. Aligonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Inasema hivi:

"Mimi ambaye jina langu kamili liko hapo juu nalalamika kwamba mlijua nina sukari wiki mliyonitoa damu, na mkakaa kimya hadi mtoto wangu alipofika miezi minane. Fomu yenu, ukurasa wa tatu, iliahidi nitaambiwa. Sisemi sukari pekee ndiyo iliyoumiza mkono wa mtoto, mimi si daktari. Nasema mkunga alifungua kitabu akakuta ukurasa mtupu, na cha kuandika hapo mlikuwa nacho nyinyi. Nataka matokeo yangu yaandikwe kwenye kitabu changu, nikiwepo. Nataka nipimwe tena nijue kama sukari bado ninayo. Na kila mwanamke ambaye namba yake ilikuwa ukutani siku ile atafutwe kwa jina lake, aambiwe, kabla hajabeba mimba nyingine. Nangoja jibu la maandishi."