Bibi na Mnyama kwenye Mfuko wa Saruji

Nilipokuwa mtoto, kwetu upande wa Kilwa, simba hakuitwa jina lake. Aliitwa "mnyama", basi, na kila mtu alijua ni mnyama gani. Ukimtaja umemwita. Na ukimwona, usimsimulie mtu mpaka zipite siku saba, la sivyo atafuata nyayo zako mpaka mlangoni. Leo mimi ni mchoraji. Nachora wanawake wenye mabega mapana na wanyama pembeni yao: chui, nyati, fisi, na simba kuliko wote. Watu wakiniuliza fikra hiyo nimeitoa wapi, nawajibu kwa adabu kwamba napenda wanyama. Uongo mtupu. Wanyama nawaogopa, hata paka wa jirani namkwepa.

Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani kwetu, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara, si mbali na Kiranjeranje. Mikorosho ilibaki kule kule, maana mkorosho hauhamishiki. Baba alikuwa kibarua kwenye mkonge Lindi, akija kwa nadra. Nyumbani tulikuwa mama, mimi na wadogo zangu wawili, pamoja na Bibi Somoe, mama yake baba. Bibi hakuukubali uhamisho ule. Kila asubuhi alibeba kikapu na panga akarudi kwenye mikorosho yake, na shule ikifungwa nami nilikuwa nyuma yake.

Asubuhi moja, jua limeshapanda, bibi alisimama ghafla njiani nikamgonga mgongoni. Mbele yetu, hatua labda ishirini, mnyama alikuwa katikati ya njia. Bibi hakupiga kelele. Alitua kikapu taratibu, akanisukuma nyuma ya kanga yake.

"Shikamoo, mwenye pori," alisema. "Sisi wanawake tu, tunakwenda kuokota korosho zetu. Nawe una safari yako. Tupishane kwa heri."

Mnyama alitutazama kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima. Kisha akageuka, akaingia vichakani kama mtu aliyekumbuka jambo. Hapo ndipo bibi alipokaa chini, miguu ikamtetemeka mpaka kandambili moja ikamvuka. Kumbe aliogopa sawasawa na mimi, ila yeye aliiweka hofu yake kando mpaka shughuli ilipokwisha.

"Usimwambie mtu mpaka siku saba," alisema. "Umesikia, mke mwenzangu?"

"Nimesikia, bibi."

Na kweli sikumwambia mtu. Lakini jambo lile lilinichoma kifuani. Kijijini palikuwa na ujenzi wa zahanati, na mifuko mitupu ya saruji ilizagaa. Nikapasua mmoja, nikachukua mkaa jikoni, nikachora. Bibi alijaa karatasi nzima. Mnyama nilimweka magotini pake, ameinamisha kichwa. Kwa akili yangu ya miaka tisa, kuchora hakukuwa kusema. Nikampelekea mama picha, nikanyamaza.

Mama aliitazama sana. "Mwanangu una mkono," alisema. "Nipe nikuwekee, isije ikachanika."

Nilifurahi siku ile kuliko siku ya Idi.

Siku ya nne mnyama alimchukua jirani yetu kisimani, mke wa fundi baiskeli. Aliacha mtoto wa kunyonya. Nililala kitandani siku nzima nikijua ni mimi niliyemwita, na sikuwa na wa kumwambia. Watu nao wakaanza kuulizana: ni nani anayerudi porini kila siku na kutoka salama? Maana kwetu watu husadiki kwamba yuko simba wa porini na yuko simba wa kutumwa na mtu. Haikuchukua muda, watoto wakakatazwa kucheza nasi, na hakuna aliyekuja tena kuomba moto kwetu.

Ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye siku zote alichukizwa na wanaorudi kwenye mashamba ya zamani, alisimama akakunjua karatasi. Ilikuwa picha yangu.

"Bibi Somoe, huyu ni nani?"

Bibi alisogea akainama kuitazama. Ndiyo kwanza anaiona. "Ni mimi," alisema. "Mtu akichorwa na mnyama ndiyo kamfuga? Mimi hata kuku wangu wananishinda."

Wawili watatu walicheka.

"Kaona mjukuu wako mwenyewe," alisema mwenyekiti. "Mtoto hana uongo."

Bibi aligeuka, akanitafuta kwenye umati mpaka akanipata. Mimi nilimtazama mama, nikingoja aseme kwamba karatasi ile ilikuwa kwake. Mama alikuwa anamfunga mdogo wangu mgongoni. Alimfunga, akamfungua, akamfunga tena.

Baada ya siku mbili akaletwa mnyoaji, yule mganga anayewanyoa wanaoshukiwa uchawi ili uwatoke. Walimnyoa bibi hadharani, mchana kweupe, mwanamke ambaye hata mimi sikuwahi kumwona kichwa wazi. Walimshika mikono ingawa hakuwa anapigana na mtu.

Jikoni mama aliniambia, "Nimefanya kwa ajili yenu. Kunyolewa si kufa. Wangetuchomea nyumba tumo ndani." Kisha akashusha sauti. "Bibi yako asijue ni mimi. Akijua, baba yako ataniacha. Wadogo zako atawalea nani?" Alikuwa analia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nikatoka kwenda kwa bibi. Alikuwa ameketi barazani, kanga kaivuta mpaka kwenye nyusi.

"Bibi, mimi sikusema. Nilichora tu."

"Na picha ilikwenda kwa mwenyekiti kwa miguu yake?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Mlangoni mama alisimama na mwiko mkononi, ananitazama.

"Niliipeleka mimi," nikasema.

Bibi hakunipiga wala hakunitukana. Kesho yake alipobeba kikapu nikamfuata kama kawaida. Aligeuka akasema, "Baki na mama yako." Akaenda peke yake. Ikawa hivyo kila siku.

Miezi ilipopita, bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, alimpiga risasi yule simba. Alikuwa mzee, meno yameisha, mtu hakuwa na haja ya kumtuma. Hakuna aliyekuja kumtaka radhi bibi. Miaka miwili baadaye aliugua, na mama akamuuguza vizuri mno, akimnywesha uji kwa kijiko. Bibi akimwombea dua, akimwita mkwe asiye na mfano. Nilikuwa nasimama nje ya mlango nikisikia yote. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema ufanyeje kama aliye nguoni mwako ndiye anayekulisha. Bibi alikufa akiamini kwamba nilimuuza mimi.

Nilisalitiwa, na miaka hii yote sijapata neno laini zaidi la kuliita jambo lile. Najua mama aliogopa. Najua pia kwamba bibi aliogopa njiani siku ile, na bado aliniweka nyuma ya kanga yake. Ndiyo maana namchora yeye, mara kwa mara, kwa sura mbalimbali.

Mama sasa ni mzee sana, anaishi kwangu hapa Rasbura, Lindi mjini. Hupenda kukaa kwenye chumba ninachochorea. Mwezi uliopita aliitazama picha mpya kwa muda mrefu, akauliza, "Mbona yule mtoto humchori? Si alikuwa hambanduki nyuma yake?"

Sikugeuka. "Yule mtoto alibaki na mama yake," nikasema.

Mama akaomba maji. Nikaweka brashi chini, nikaenda kumletea.