Mwaka Ambao Divisheni Wani Haikutosha

Mdogo wangu wa kiume alipopata divisheni wani, daraja la juu kabisa, ya kidato cha sita, tena kwa alama zilizozidi zangu, mama alipiga vigelegele mpaka majirani wetu pale mtaani Igogo, kando ya ziwa, wakatoka nje. Mimi niliingia chuo cha udaktari zamani kidogo, kwa alama za chini kuliko hizo, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyekuwa na shaka kwamba naye ataingia. Baba, anayeuza dagaa soko la Mwaloni, alianza kumwita "daktari" mbele ya wateja.

Mimi moyo ulikuwa mzito. Hospitalini ninakofanya kazi, wanafunzi waliokuja kwa mafunzo walikuwa wameniambia kwamba waombaji wa udaktari wanaongezeka kila mwaka, nafasi ni zile zile. Nikamshauri aombe na kozi nyingine.

"Kwani wewe dada uliomba kozi ngapi?" akaniuliza huku anacheka.

"Moja."

"Haya sasa."

Awamu ya kwanza ya udahili hakuchaguliwa. Ya pili hakuchaguliwa. Mama akaacha kwenda kusali jumuiya, maana kila aliyemsalimia alimuuliza daktari wetu anaondoka lini. Mdogo wangu hakulia wala hakulalamika. Kila alasiri akawa anakwenda ziwani peke yake. Hajui kuogelea.

Siku majibu ya awamu ya mwisho yalipotoka, simu yake haikupatikana. Baba akafunika dagaa wake mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Tukafuata ukingo wa ziwa, tukiuliza kina mama waliokuwa wanafua. Mmoja akasema amemwona kijana wa shati jeupe akiingia majini. Kisha akatutazama usoni, akasema labda hakuona vizuri. Baba aliongeza mwendo. Magugumaji yalikuwa yamefunika maji yote ya pembeni, huwezi kujua chini kuna nini.

Tulimkuta nyuma ya mwamba, amekaa, suruali imelowa mpaka mapajani. Baba alisimama mbali kidogo, akashindwa kusogea.

"Wamenikataa tena, baba," alisema bila kugeuka. "Wenye alama kama zangu wamejaa."

"Twende nyumbani ukale," baba akamjibu.

Mwaka uliofuata aliomba uuguzi, na sasa anausoma kwenye chuo kimoja ng'ambo ya ziwa, ukivuka pale Kigongo. Anafaulu. Nikimpigia simu ananijibu vizuri, kwa maneno machache, na sijawahi kumuuliza alifika wapi majini siku ile.

Mdogo wetu wa mwisho, binti, yuko kidato cha pili. Ameacha netiboli, anakwenda tuisheni kabla ya shule na baada ya shule. Juzi nilimkuta amelalia kitabu, nikamgusa bega.

"Pumzika kidogo, bado uko mbali na chuo."

"Wenzangu hawapumziki, dada," akasema, akafungua ukurasa mwingine.