Alama za Wazee kwenye Madebe ya Asali

Katikati ya miaka ya sabini nilipata kazi ya kuandika madebe ya asali pale Mpanda mjini, kwenye ghala la ushirika wa warina asali, karibu na stesheni. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimeishia darasa la saba. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri lakini wa polepole. Shuleni mwalimu alikuwa akifuta ubao mimi nikiwa bado mstari wa tatu. Ghalani hakuna aliyenifutia kitu. Nilichovya brashi kwenye rangi nyeusi, nikaandika ASALI YA MPANDA, TANZANIA, na chini yake jina la bandari ya Ujerumani ambako meli ingeishusha. Niliipenda kazi ile. Brashi haikunitaka niongee.

Asali ililetwa na wazee wa Kikonongo kutoka porini, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Tuliichuja kwa shashi, tukaimimina kwenye madebe mapya yanayong'aa, kisha fundi akalehemu mfuniko usipitishe hata hewa. Asali iliyofungwa hivyo hukaa muda mrefu bila kuharibika. Kila mzee alikaa kando ya madebe yake mpaka la mwisho lifungwe, kama mtu aliyepeleka mgonjwa hospitali.

Msimu huo yalifika madebe mia na kumi. Behewa letu lilikuwa limeshaletwa, na lilitakiwa kuondoka na treni ya Ijumaa jioni. Tukichelewa, meli iliyokuwa inapakia Dar es Salaam isingetungoja, na hakuna aliyejua nyingine ya kwenda huko ingekuja lini.

Alhamisi asubuhi mkaguzi akafika kutoka Tabora, kijana mwembamba aliyevaa bugaluu pana chini.

"Hiyo suruali inafagia," mzee mmoja akasema, wenzake wakacheka.

Mkaguzi naye akacheka. Kisha akageuza debe moja, akapitisha kidole gumba ubavuni mwa debe hilo. Hakucheka tena. Palikuwa na mchoro wa upinde, umekwaruzwa kwa kisu. Akageuza la pili, akakuta mguu wa kuku. La tatu lilikuwa na mwezi. Yalikuwa hivyo karibu yote.

"Nani kafanya haya?"

"Sisi," akajibu mzee mwenye alama ya mguu wa kuku. Huyu ndiye aliyeniita "mke wangu" kila asubuhi, utani wa babu kwa mjukuu. "Hizo ni alama zetu. Mzinga usio na alama una mwenyewe?"

Kwetu kila mrina asali huchonga alama yake kwenye mzinga. Huirithi kwa baba yake, na mtu mwingine akiiona hagusi. Wazee waliona kwamba asali yao inakwenda mbali, itapita mikono mingi, wakaitia alama wakati wakisubiri mizani. Mimi niliwaona. Baba yangu kule Kasokola naye alikuwa na alama yake, kwa hiyo sikuona kosa, wala sikumwambia mtu.

"Wazee wangu," mkaguzi akasema, "bati limechunika. Melini ni hewa ya chumvi wiki kwa wiki. Kutu itaanzia hapa, itatoboa, asali itavujia mizigo ya wenzenu. Haya hayapandi."

Mtunza ghala, mtu mnene mwenye jasho jingi, akakaa juu ya mizani. Madebe mengine hatukuwa nayo.

Nilitaka kusema kwamba rangi huzuia kutu, kila mwenye baiskeli anajua. Nikachukua brashi, nikapaka doa kubwa jeusi juu ya ule upinde, nikarudi nyuma.

Mkaguzi akainama. "Rangi ya mafuta?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ikikauka vizuri inafaa. Pakeni yote."

Mtunza ghala alisimama kwa furaha, lakini mzee mwenye alama ya upinde akaweka kiganja juu ya debe lake.

"Umenifuta, binti."

"Ni rangi tu, baba," mtunza ghala akamwambia.

"Kanifuta. Basi mimi narudi na asali yangu nyumbani."

Wenzake wakaanza kusogeza madebe yao kuelekea mlangoni.

"Nyie wazee! Mnataka meli iende tupu?" mtunza ghala akapiga kelele.

"Iende na asali isiyo na mwenyewe!" wakamjibu.

Hapo nikasikia sauti yangu. "Nitafuata mstari."

Wote wakageuka. Nilitazama miguu yangu nikamaliza: "Sitapaka doa. Nitapita juu ya mchoro wenyewe, na huo upinde nitauchora upya juu ya doa. Alama zitabaki."

"Dada, mimi nakagua kutu," mkaguzi akasema. "Ukitaka chora hata jogoo."

"Huyu?" mtunza ghala akalalamika. "Anaandika kama kinyonga anavuka barabara! Atamaliza kabla ya kesho jioni?"

"Wewe mwenye haraka," mzee wa mguu wa kuku akamwuliza, "alama yako iko wapi?"

Brashi ilikuwa nene mno. Nikatafuna ncha ya kijiti kama mswaki mpaka ikawa nyuzi, nikaanza. Mikwaruzo ilikuwa myembamba kama unywele, na mkono wa haraka ungeruka nje na kuacha bati wazi. Nilikwenda mwendo wangu uleule wa shuleni, na safari hii hakuna aliyenihimiza. Wazee waligeuza madebe, wakapepea rangi kwa kofia, wakanisimamia.

"Usiulegeze huo upinde, ni wa babu yangu."

"Mwezi wangu ni mchanga, mama, usinipe mpevu!"

"Na wewe mwenye kufagia, shika debe!" Mkaguzi akakunja mikono ya shati, akashika.

Tuliacha kazi mwanga ulipokwisha, tukaanza tena alfajiri. Ijumaa saa tisa mchana yalikuwa yamebaki madebe kumi na moja, na injini ikawa imefika. Wapagazi wakayapakia hivyohivyo, nami nikapanda behewani na kikopo changu cha rangi. Stesheni masta akapiga kelele kwamba msichana si mzigo. Nilikuwa kwenye debe la mwisho, mguu wa kuku, injini ilipogonga behewa kwa kishindo. Mkono ukaruka. Mguu ukaota kidole cha nne, kwa nyuma.

"Babu, nimeharibu."

Akachungulia, akahesabu kwa kidole. "Kuku ana vidole vinne, mke wangu. Baba alikisahau hicho."

Behewa zima lilicheka, hata stesheni masta aliyekuja kunifukuza. Nikaruka chini, mlango ukafungwa, mkaguzi akapiga lakiri.

"Debe langu liko upande gani?" babu akaniuliza.

"Kulia kwa mlango, chini."

Treni ikapiga filimbi. Wazee walipunga kofia, kila mmoja akitoa salamu zake kwa Wajerumani, nami nilipunga kijiti changu na kupiga kelele pamoja nao. Babu peke yake hakupungia treni. Alitembea kando ya behewa akipungia mbao za kulia kwa mlango, zile za chini, mpaka likampita.