Stempu Nyekundu ya Vinzenz

Kwa stempu, Vinzenz Wessely hakuwa na mpinzani mtaa mzima wa Hernals, na kama ulikuwa hujui, alikwambia mwenyewe. Miaka thelathini na minane alikuwa kondakta wa tramu, akatoboa tiketi za watu mpaka kidole gumba kikapinda, lakini ukimuuliza kazi yake anakujibu yeye ni mtu wa stempu. Kila Jumapili asubuhi alibeba albamu zake mbili mpaka mkahawani, akakaa meza ya pembeni na wazee wenzake, kahawa moja wanaivuta mpaka saa sita, wanabadilishana stempu na kuibiana kwa adabu. Walimtania kwamba siku akifa watamgongea muhuri wa posta usoni. Anacheka. Hakuoa. Alikaa na dada yake Adelheid nyumba ileile waliyozaliwa, ghorofa ya tatu, jiko lilelile, ugomvi uleule.

Cha maana mle ndani kilikuwa kimoja tu: barua. Bibi wa mama yao, Walburga, aliwahi kumpikia mtunzi mkubwa wa muziki, yule ambaye sanamu yake pale bustanini njiwa hawaiheshimu hata kidogo. Kiangazi kimoja mtunzi akiwa milimani alimwandikia Walburga kwa mkono wake mwenyewe: rudi mama, huyu mpishi mpya, matonge yake ya unga ukimrushia mbwa unamuua. Zamani hizo hawakuhangaika na bahasha. Karatasi ilikunjwa yenyewe, anwani nje, stempu nje, ikaenda.

Ila barua ilikuwa na tundu. Chini kabisa, pale palipokuwa na sahihi.

Panya, ndivyo nyumba nzima ilivyojua. Adelheid akiwa na miaka kumi na minne aliitoa kwenye kopo lake la bati awaringie rafiki zake, akaisahau juu ya kabati siku mbili. Baba yao alipolikuta lile tundu alimchapa mkanda, na mpaka anaingia kaburini, akiudhiwa kidogo tu, alikuwa anamwita mlisha panya.

Sasa Adelheid ana miaka sabini na minne, kifua kimeoza, madaktari hawamfichi tena. Alitaka jambo moja kabla hajaondoka: barua iingie makumbusho ya muziki, na jina la Walburga liandikwe chini yake ukutani. Basi akawaandikia, nao wakamtuma Dokta Stuchlik, mama mmoja mwembamba wa miwani.

Alikuja Alhamisi. Adelheid alikuwa ameoka keki ya tufaha, kavaa na bruchi, lile pambo la kifuani. Dokta akanawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, ndipo akaishika barua. Akasoma, akatabasamu alipofika kwenye mbwa. Kisha akaigeuza, akaielekeza dirishani.

"Mama Wessely, nani kakwambia ni panya?"

"Baba yangu."

"Basi panya wenu alikuwa na mkasi. Tazama pembe hizi nne."

Akamwonyesha upande wa nje: muhuri wa posta, nusu upo, nusu umekwenda na tundu. Stempu ilikuwa hapo, akasema, na sahihi ilikuwa ndani, nyuma yake hasa. "Watu wa stempu hawa. Wameua barua nyingi kuliko moto." Mwandiko unafanana, lakini wanafunzi wa yule mtunzi walikuwa wanaandika kama mwalimu wao, kwa hiyo bila sahihi barua haiwezi kupanda ukutani. Kile kipande kikipatikana, hata kwenye droo ya mtu, apigiwe simu, atarudi siku hiyohiyo.

Vinzenz alikuwa anakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari.

Dokta alipoondoka, Adelheid alikusanya sahani. Vinzenz akaingia chumbani kwake, akarudi na albamu ya kwanza, ukurasa wa kwanza. Stempu ya kreuzer tatu, pesa za zamani, nyekundu, ile aliyowaringia wazee wa mkahawani maisha yake yote. Akaichomoa kwa kibano, akaiweka juu ya tundu. Nusu muhuri ikaikuta nusu yake.

"Nilikuwa na miaka kumi na moja, Dada. Niliangalia upande wa stempu tu. Sikugeuza."

Adelheid akaigeuza kwa ncha ya kucha. "Na karatasi ya nyuma?"

Siku ile Vinzenz alifanya walivyofundishwa watu wote wa stempu. Stempu ikiwa na karatasi unailoweka kwenye maji ya uvuguvugu, gundi inaachia, karatasi unatupa. Alikumbuka maji yalivyogeuka kahawia kwa wino.

"Niliiloweka. Kwenye sahani ya supu. Nikamwaga."

"Vinzi, baba alipokuwa ananichapa ulikuwa wapi?"

"Chumbani."

"Unafanya nini?"

"Naibandika."

Adelheid hakulia, wala hakumtukana. Aliikunja barua na stempu ndani yake, akairudisha kwenye kopo, akaenda nalo chumbani akafunga mlango. Jioni alipika supu, akajipakulia, akala. Makumbusho hakuyataja tena.

Jumapili Vinzenz alikwenda mkahawani kama kawaida. Wazee wakafungua albamu yake, ukurasa wa kwanza mtupu, alama ya gundi tu. Wakamrukia: kaiuza, mwongo mkubwa huyu, kamuuzia nani?

"Panya kala," akasema.

Wakacheka mpaka mhudumu akageuka. Vinzenz akafunga albamu, akavaa kofia, kahawa akaiacha nzima.