Kipande cha Ngozi Ndani ya Njumu

Habari ya kifo chake ilinikuta nimebana soli katikati ya magoti, gundi haijashika. Mama anayeuza mihogo karibu na meza yangu, hapa Albert Park, alisimama mbele yangu akasema, "Mzee, yule kijana wako wa mbio amefariki. Figo." Nikamwambia pole, naye akaniambia pole, halafu nikaendelea kubana ile soli, kwa sababu ukiachia mapema inafunguka. Leo ni siku ya tisa. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua mimi si mtu wa kukosa maneno. Mhariri hukata nusu na bado mnalalamika kwamba ni marefu. Lakini nikitafuta machozi siyapati, na nikitafuta maneno napata ya viatu tu. Basi nitaandika ya viatu.

Marehemu alikuwa Mkongo, aliletwa Durban akiwa mdogo, akaangukia shule ambayo mwalimu wake alipenda besiboli. Mchezo wenyewe siujui vizuri hata leo. Darasa langu la nne la Tanga halikufika huko. Alivyonieleza, kuna vituo vinne vinaitwa besi. Mtu anapiga mpira kwa gongo, anakimbia kutoka kituo hadi kituo, na wenzake wa upande wa pili wanataka kumtoa kwa mpira kabla hajafika. Yeye alisimama kati ya besi ya pili na ya tatu, akidaka mipira inayobiringika chini, na timu yake ikishika gongo, kazi yake ilikuwa kuiba. Ndiyo, ndivyo wanavyosema: yule anayerusha mpira akigeuza macho tu, mtu ameshaondoka na kituo kinachofuata ni chake. Mama wa mihogo alimsikia akinieleza haya akaguna. "Wazazi wako wakutoe vitani mpaka huku, uende shule kujifunza kuiba?" Akamjibu, "Mama, mi naiba mchana, na watu wanapiga makofi." Kwa wizi huo alilipwa mshahara Ulaya misimu miwili, mpaka mkataba ulipokwisha akarudi. Mtu huyu hakuweza kusubiri robot, ndivyo tunavyoziita huku taa za barabarani, igeuke kijani. Teksi zilimpigia honi akiwa ameshafika ng'ambo.

Nirudi nyuma kidogo, mtanisamehe. Baba yangu naye alikuwa fundi viatu, na alinifundisha kwamba kiatu kikirudi kabla ya mwaka, aibu ni ya fundi. Mteja mmoja aliwahi kumwambia kwamba tangu atengenezewe anatembea kama amefungiwa matofali. Baba akasema, "Tofali halitoboki," akaendelea na kazi yake. Mimi ni mtoto wa mtu huyo.

Sasa, mwaka uliofuata baada ya Kombe la Dunia kuondoka hapa, kukawa na habari kwamba mzungu mmoja anakuja kutazama wachezaji, na atakayempendeza ataondoka naye. Kijana, ameshatoka Ulaya, alikuwa anakaribia miaka thelathini na alijua hapatakuwa na mwingine. Akaniletea njumu zake, soli imebaki kama chapati, vyuma vya chini vimelegea. Akaniambia, "Papa fundi, unipunguzie. Nataka nyepesi. Hata ikikufa kesho, bien, siku ile moja inikimbize tu." Nikakaza vyuma, nikapunguza ukingo kama alivyotaka. Halafu nikakitazama kile kiatu nikaona haya. Kitatobokea mguuni pake, na watu watauliza fundi ni nani. Nikainua soli ya ndani, kila mguu nikabandika kipande cha ngozi ya ng'ombe, nikafunika. Sikumwambia. Jumatatu akaja. Mzungu alimwona akiiba besi ya pili, lakini kijana akatolewa, amebakiza upana wa kiganja tu kufika, na mzungu akaondoka bila yeye. Akasimama pale alipozoea kusimama siku zote akaniuliza, "Papa, uliongeza kitu mule ndani?" Nikasema, "Hapana." Akasema, "Sharp," yaani sawa. Njumu zile hakuniletea tena.

Alipata kazi ya ulinzi kwenye geti la majumba ya Westville. Wengi wetu tumefika mji huu na ujuzi ambao hakuna aliyeuulizia: namjua mwalimu wa hesabu anayeosha magari, namjua mkunga anayesuka nywele. Lakini yeye, mtu wa mbio, walimlipa kwa kusimama. Zamu ya saa kumi na mbili, amesimama tu. Jumamosi alipita kwangu na buti zake za ulinzi, nikazishona, akazivaa, halafu akakaa kwenye kreti yangu nusu saa nzima. Yeye ambaye robot ilimshinda. Nilidhani anapumzisha miguu. Miaka mitatu alikaa hivyo, nami sikusema. Kila nikimwona nilihesabu: upana wa kiganja, unene wa ngozi yangu.

Juzi dada yake akaja na zile njumu kwenye mfuko wa plastiki. Wanataka azikwe nazo, nizipige brashi. Nikamwambia akae. Brashi sikuigusa, nilichukua kisu, nikainua soli ya ndani, nitoe kile kipande changu, walau huko aendako aende mwepesi. Hakikuwepo. Gundi yangu ilikuwepo, kavu, na alama za kisu kidogo kilichokwangua kwa haraka. Nikafungua na cha pili. Vilevile.

"Nani alitoa ngozi humu?" nikamwuliza.

"Ni yeye, Papa. Asubuhi ile ya mzungu, pale uwanjani, mbele ya kucheza. Alivaa akasema iko nzito, akatoa. Mi ndiye nilimshikia."

"Alikimbia bila hiyo?"

"Eeh. Alikimbia nyepesi kabisa. Ilikuwa ni miguu, Papa. Yeye mwenyewe alisema, miguu imezeeka."

"Na aliniuliza ya nini, kama alijua?"

Akanitazama, na sikuona hasira. "Alitaka useme. Nilimwambia, achana na huyo mzee, kuna mafundi wengine. Akasema, hapana, iko mtu muzuri, siku moja atasema. Eish, kila Jumamosi nilimwuliza, alisema? Ananijibu, leo bado."

Nilibandika soli zile, nyembamba kama alivyozitaka, nikazipiga brashi, nikampa. Sikulia hata hapo. Miaka mitatu nimebeba kosa ambalo halikuwa langu, na lililokuwa langu lilikaa kwenye kreti mbele yangu kila wiki likinisubiri. Mimi na baba yangu tuliona aibu ya kiatu kinachorudi. Kuna mtu anayerudi, na huyo sikumhesabu. Kama una mtu uliyemwambia hapana na ilikuwa ndiyo, na bado anakuja kwako na kukaa, mwambie angali amekaa. Kreti iko hapa mbele yangu ninapoandika. Jumamosi imepita, sijaweka kitu juu yake.