Chumba cha Watu wa Newala

Masasi ilikuwa na stesheni ya treni. Nikiwaambia hivyo vijana wenzangu, wananiuliza kama nimekula. Reli iling'olewa miaka ya mwanzo ya Uhuru, na mimi niliyeishia kidato cha pili, niliyejifunza kuandika peke yangu, nikajipa kazi ya kuandika habari zake. Mwalimu mmoja wa sekondari alikubali niwasomee wanafunzi wake. Nikifanya vizuri, angenikabidhi klabu ya historia. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote.

Nikampata bibi mmoja wa Kimakua ambaye utotoni aliuza karanga za kukaanga palepale stesheni. Tatizo ni kwamba mimi ni Mmakonde wa Newala. Wamakua ni watani zetu, na mtani ana ruhusa ya kukudanganya hata msibani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kwetu ni wapi. Nilipomjibu, aliweka ungo chini na kutabasamu. Nikajua nimekwisha.

Nikajiwekea utaratibu: kila kinachochekesha, nafuta. Aliposema reli ililetwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza, karanga zikagoma kustawi, na karanga pekee alizowahi kuziona pale stesheni ni zile za kwenye ungo wake, nikafuta. Aliposema, kwa upole kabisa, kwamba abiria wa Newala walitengewa chumba chao cha kusubiria, kwa heshima, maana walitoka mbali, niliandika. Kisha nikaandika upya, na upya tena, kwa sababu aya ile ilistahili kupendeza kuliko zote.

Siku yenyewe bibi alikuja akakaa mbele. Nilisoma vizuri. Nilipofika kwenye chumba chetu, nilipaza sauti kwa fahari.

"Mjukuu wangu," akasema, "lile lilikuwa zizi la mbuzi."

Wanafunzi walicheka mpaka dawati likaanguka. Walipotulia, msichana mmoja akauliza kwa adabu reli yenyewe ilijengwa kwa nini. Jibu nilikuwa nimelifuta. Nilimtazama bibi kwa macho ya kuomba, akasimama akaeleza yote: karanga zilizogoma, korosho kwenye mabehewa, dirisha la tiketi, na watu waliovaa nguo zao nzuri kwenda kuitazama treni tu. Hakutia chumvi hata kidogo. Wale walikuwa wanafunzi; mtani wake nilikuwa mimi.

Klabu alipewa yeye. Akakubali, ila alitaka mtu wa kumwandikia na kumbebea kiti, na akachagua mtu wa Newala.

"Hawa wamezoea," akamwambia mwalimu. "Tuliwapakia pamoja na mizigo."

Kwa hiyo kila wiki natangulia na kiti kichwani. Ninayoyaandika nampelekea kwanza mwalimu ayahakiki, anitenganishie ukweli na utani. Hufanya hivyo kwa makini sana, na nilishaanza kulala vizuri, mpaka juzi nilipofahamu kwamba yeye ni Myao. Wayao nao ni watani zetu.